Kwanza UPS, kadi ya grafiki baadaye

Baba yangu alikuwa askari wa magereza. Nyumba yetu ya Luzira, Kampala, ilikuwa mojawapo ya zile za watumishi, safu ndefu ya milango inayofanana, na Kiswahili kilikuwa lugha ya uani. Yeye ni mtu wa Tororo, mama ni Mnyoro wa Hoima, majirani walitoka Arua, Kitgum na Kabale. Bila Kiswahili tusingeweza hata kuombana chumvi. Nayataja haya mapema kwa sababu mtu aliyelelewa kwenye nyumba kama hizo huzitazama gemu za njozi kwa jicho lake. Gemu za The Elder Scrolls, zile za Bethesda ya Marekani, zina desturi ya kuanza na mfungwa. Morrowind ya 2002 inaanza na mfungwa aliye melini. Oblivion ya 2006 inaanza na mfungwa ndani ya selo. Skyrim, iliyotoka tarehe 11 Novemba 2011, inaanza na mfungwa kwenye mkokoteni wa farasi, mikono imefungwa kamba, anapelekwa kukatwa kichwa.

Mwaka 2008 kaka yangu aliazima diski ya Oblivion kwa mwenzake wa chuo. Tulikuwa na kompyuta ya Pentium 4 iliyonunuliwa ili mimi nijifunze kuchapa. Ili gemu ikubali kwenda, kaka alipunguza picha hatua kwa hatua mpaka nyasi zikatoweka, na ardhi ikabaki kama zulia la kijani lililofuliwa mara nyingi. Tukaketi. Selo ikatokea, minyororo, mwanga mdogo wa dirisha la juu. Baba alikuwa akijiandaa kwenda zamu ya usiku. Akasimama nyuma yetu akifunga mkanda.

"Huyu kosa lake nini?" akauliza.

"Hawasemi, baba."

"Hawasemi? Sasa yuko ndani kwa hati gani?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu gemu yenyewe haina. Kisha akaja mfalme Uriel Septim na walinzi wake, wanakimbia wauaji, na ikajulikana kwamba njia ya siri ya kutorokea inapita katika selo hiyohiyo. Baba akavuta kiti. Alitazama tukipita kwenye mahandaki, tukipigana na panya na majitu madogo ya kijani, huku akiuliza kwa nini walinzi hawakuhesabu mlango ule. Nilimwona kwa mara ya kwanza amesahau saa. Tulipofika kwenye lango la chuma la mwisho, lile ambalo ukilifungua unatoka mahandakini na kuiona nchi nzima mbele yako, ziwa, magofu meupe ng'ambo, vilima, anga, umeme ukakatika.

Hatukuwa tumesevu. Umeme uliporudi saa tano usiku baba alikuwa kazini, nasi tukarudia panya wote tangu mwanzo. Yeye hakuiona ile nchi ya nje.

Nimekaa na tukio hilo miaka mingi, na ndilo limenifundisha namna ya kununua vifaa vya kompyuta. Ukisoma mawaidha ya watu wa Ulaya na Marekani kuhusu kuboresha mashine ya gemu, kitu cha kwanza wanachokutajia ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Wengine wataanza na prosesa, ubongo wa kompyuta. Wanaandika kutoka mahali ambapo umeme ni kama hewa, haumfikirishi mtu. Mimi naandika kutoka Kampala, na orodha yangu huanza na UPS, kisanduku chenye betri kinachoilisha kompyuta umeme unapokatika. Kisha SSD, diski isiyozunguka. Kisha RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kadi ya grafiki inafuata, na prosesa mwisho kabisa, pale tu gemu unayoitaka inapokataa kwenda bila prosesa mpya. Nitaeleza nilivyofika hapo, maana sikufika kwa siku moja.

Kazi yangu ni usanifu wa machapisho pale Nasser Road, mtaa wa wachapaji mjini Kampala: kadi za harusi, programu za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), kalenda, vitabu vya risiti. Mwaka 2017 nilinunua kompyuta yangu mwenyewe ya kwanza, Dell OptiPlex 7010 ya mnara, iliyokwishatumika ofisini ng'ambo. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 4, na diski ya kuzunguka ya GB 500. Nililipa shilingi 450,000, nikaipakata kwenye bodaboda mpaka nyumbani Bweyogerere, mikono imekufa ganzi.

Mashine hizi za ofisini ni mwanzo mzuri kwa mtu wa kipato cha kawaida, na nazitetea popote. Zimejengwa kwa chuma kizuri, feni zake hazipigi kelele, na 7010 ina sifa moja ambayo si kila Dell inayo: mazabodi yake, ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, inatumia plagi ya umeme ya kawaida ya pini 24. Ndugu yake wa mwaka uliofuata, OptiPlex 9020, inatumia plagi ya Dell yenyewe ya pini 8, kwa hiyo pawa saplai ya dukani, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, haiingii bila adapta. Nimeona vijana wananunua 9020 kwa sababu ni mpya zaidi, halafu wanakwama hapo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue ubavu, uhesabu pini kwa macho yako.

Pawa saplai yake ni ya wati 275 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya grafiki. Hilo pekee liliamua kadi yangu. GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, ina kumbukumbu ya GB 4 na hula wati 75, kiasi ambacho nafasi ya kadi kwenye mazabodi inaweza kutoa peke yake bila waya mwingine. Nilipata iliyotumika kwa shilingi 380,000. Mwaka huo nilifanya kama kila mtu, nikaanza na kadi.

Na Skyrim ikapendeza kweli. Theluji ilishuka kwenye vilele vya milima, na mimi ambaye theluji nimeiona mara moja tu, kwa mbali, asubuhi moja Kasese mawingu yalipofunguka juu ya Rwenzori, nilisimamisha mhusika wangu barabarani nikatazama tu. Lakini ndani ya miezi miwili umeme ulinikatikia katikati ya gemu mara nyingi kiasi kwamba nikaanza kucheza kwa woga. Nilikuwa nasevu kila baada ya mlango. Niliingia pangoni nikiwa nafikiria mita ya umeme badala ya kufikiria zimwi lililomo. Siku moja umeme ulikatika wakati uleule gemu ikiandika faili lake, na uliporudi faili halikufunguka. Saa 40 za mhusika mmoja, mwanamke wa Redguard, kabila mojawapo la humo, niliyempa jina la bibi yangu, zikaenda. Wiki hiyohiyo kazi ya mteja ya kurasa 60 ilinusurika kwa bahati tu.

Basi nikanunua UPS ya VA 650, shilingi 220,000, dukani karibu na kazini. Ndani yake kuna betri moja ya volti 12, saa-ampia 7, sawa na zile za kengele za wezi. Kwa mashine kama ile yangu pamoja na skrini, ikiwa mpya ilinipa dakika 10 hadi 12. Watu huuliza dakika 12 zina faida gani. Zinatosha kumaliza mazungumzo na mtu wa kijijini, kuingia mahali salama, kusevu, kuzima kwa utaratibu. Na mara nyingi umeme wetu hukatika kwa dakika mbili tatu kisha unarudi, kwa hiyo hata huhitaji kusimama. Jambo la pili, ambalo wengi hawalijali mpaka liwagharimu, ni namna umeme unavyorudi. Unarudi na mshtuko. Kadi nyingi na pawa saplai nyingi za mjini hufa dakika ile ya kurudi, si ile ya kukatika. UPS inasimama katikati na kupokea kipigo hicho.

Mawili kwa anayenunua. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na itaiangusha, nasi wa Nasser Road tunalijua hilo vizuri. Na betri huchoka baada ya miaka miwili au mitatu. Ikichoka usitupe UPS nzima, nunua betri peke yake.

Ule woga uliponitoka, ndipo nilipogundua kitu kingine kilichokuwa kinanikatiza: kusubiri. The Witcher 3, kazi ya CD Projekt Red wa Poland iliyotoka Mei 2015, ina ukatili mmoja kwa mwenye diski ya kuzunguka. Ukifa, unasubiri. Ukisafiri kwa njia ya mkato, unasubiri. Kwangu ilikuwa zaidi ya dakika nzima kila mara, muda wa kwenda kugeuza matoke jikoni na kurudi. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikiwa data imepangika, na polepole zaidi sana data ikiwa imetawanyika, kwa sababu kuna sindano inayohangaika huku na huko juu ya sahani. SSD ya kawaida ya SATA haina kitu kinachozunguka na hufika karibu MB 550. Mwaka 2019 niliweka ya GB 240 kwa shilingi 130,000. Fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi zinaonyeshwa kila sekunde, hazikuongezeka hata moja. Lakini hadithi ikaanza kutiririka.

Hapa nataka kukaa kidogo.

Bibi mzaa mama, kule Hoima, alikuwa msimulizi. Jioni alikuwa anaketi na ungo mapajani, anapembua mtama, na mikono haisimami wala mdomo hausimami. Tulipokuwa wadogo mtu akimkatiza kwa swali la kijinga, alinyamaza. Hakukasirika, alinyamaza tu, akaendelea kupembua, na hadithi ya usiku huo ikawa imeisha. Tulijifunza kumlinda. Mgeni akibisha hodi tulimkimbilia mlangoni kumwambia asubiri. Kumlinda msimulizi asikatizwe ilikuwa kazi ya watoto, na mimi nikiwa mkubwa nimeifanya kwa betri na SSD.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya mfalme Isaza wa Kitara na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu. Nyamiyonga alituma wajumbe juu duniani na mafumbo. Kipimo cha wakati ni nini? Kamba inayozuia maji ni ipi? Wazee wa baraza wakashindwa. Jibu la kwanza lilikuwa jogoo. La pili lilikuwa unga wa ulezi, maana ukiutia kwenye maji yanayochemka yanatulia na kuwa ugali. Kisha Nyamiyonga akataka wachanjane damu wawe ndugu. Isaza akaogopa kuchanjana na mfalme wa wafu, akamtuma mlinzi wa lango lake, Bukuku, achanjane kwa niaba yake. Nyamiyonga alipojua amedanganywa aliweka mtego, na mwishowe Isaza aliwafuata ng'ombe aliowapenda mno mpaka ardhi ikamfunikia. Hakurudi. Aliyekalia kiti chake akawa Bukuku, mlinzi wa lango.

Mtoto wa askari wa magereza akisikia kwamba mlinzi wa lango ndiye aliyebaki na ufalme, halisahau. Na miaka baadaye, nikiwa Oblivion mbele ya lango linalowaka moto nje ya mji wa Kvatch, mlango wa kwenda kuzimu kwenyewe, nilijua tayari niko wapi. Sikuhitaji kufundishwa na Wazungu kwamba chini kuna mfalme na kwamba anatuma watu. Mtu akiniambia gemu hizi ni mambo ya kigeni, namuuliza kama alikuwa na bibi.

Kinachoniuma ni kwamba milango ile yote inafunguka kwenye theluji ya watu wengine. Mwaka 2016 studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan. Enzo, mwana wa mfalme, na mkewe Erine wanapinduliwa, wanazunguka dunia kutafuta msaada, na nguvu anazotumia kupigana zinatokana na urithi wa mababu. Mapigano yake yana ugumu wake na maandishi ni mengi, wengine huwachosha. Mimi nilicheza hadi mwisho, kisha nikaanza tena. Ni gemu ya picha za kuchorwa, mashine ya ofisini inaibeba bila shida. Bado nasubiri mtu wa kwetu amlete Nyamiyonga kwenye skrini, na siku hiyo sitauliza inahitaji kadi gani.

Kwenye RAM sitakaa sana. GB 4 hazitoshi chochote leo. OptiPlex 7010 ina nafasi nne, nilizijaza taratibu mpaka GB 16, nikiweka vijiti kwa jozi zinazofanana ili vifanye kazi pamoja. RAM ya DDR3 iliyotumika ilikuwa rahisi wakati huo. Maliza hapo.

Ila intaneti siwezi kuiruka. Januari 2021, wiki ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Ofisi ilisimama. Mimi nilikuwa nimeiweka Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, katika hali ya kufanya kazi bila mtandao siku mbili kabla, kwa tabia tu, kwa sababu data huniishia ghafla. Siku zile tano nilicheza Skyrim nikiwa na Divinity: Original Sin 2 pembeni. Kijana wa jirani, aliyezoea gemu za mtandaoni pekee, alikuja kuketi kwangu kila jioni. Tangu hapo napendelea gemu ambazo nikishazishusha ni zangu, ambazo hazinisaili kwanza kama nina mtandao. Na kuzishusha kwenyewe ni safari. Data ya simu haiwezi kubeba gemu ya GB 100 bila kukuacha na njaa. Sisi watatu tunaojuana tunachanga: mmoja mwenye intaneti ya fiba anashusha usiku, na wenzake tunapeleka mashine kwake Jumapili. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana mafaili ya gemu ambayo kila mmoja amenunua, na jambo hilo dogo limetusaidia kuliko kadi yoyote.

Ukubwa wa gemu umepanda kiasi cha kutisha. Oblivion ya 2006 ilihitaji GB 4.6 kwenye diski. Iliporudishwa upya Aprili 2025, ni selo ileile, mfalme yuleyule, lango lilelile la mwisho, ikataka GB 125 na RAM ya GB 16 kwa uchache. Skyrim ya 2011 ilikuwa GB 6. Baldur's Gate 3 inataka GB 150, na watengenezaji wake wanasema wazi iwe SSD.

Hiyo Baldur's Gate 3 ndiyo iliyonimalizia OptiPlex. Ilitoka Agosti 2023, imetengenezwa na Larian wa Ghent, Ubelgiji, na mizizi yake inarudi nyuma hadi Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao Gary Gygax na Dave Arneson walianzisha mwaka 1974. Kete ya pande 20 bado imo: ukitaka kumdanganya mlinzi wa mlango, kete inarushwa mbele ya macho yako na unakubali matokeo. Ina msimulizi vilevile, sauti ya mwanamke inayokuambia kinachokupitia moyoni, na mara ya kwanza nilipomsikia nilizima taa ya chumbani.

Kwa maandishi ya kwenye boksi mashine yangu haikustahili. Kadi ya chini inayotajwa ni GTX 970, prosesa ya chini ni i5-4690. Yangu zote mbili zilikuwa chini ya hapo. Lakini sehemu ya kwanza, msituni, ilikwenda kwa fremu 25 hivi, picha zikiwa zimeshushwa. Sehemu ya pili, kwenye nchi ya giza, ikaenda. Nikafika sehemu ya tatu, mjini Baldur's Gate penyewe, baada ya miezi mitatu ya usiku wa kazi na gemu. Mji umejaa watu, kila mmoja ana njia yake na shughuli yake, na hesabu za watu wote hao hazifanywi na kadi, hufanywa na prosesa. Prosesa yangu ya viini vinne ya mwaka 2012 ikalemewa. Nilikuwa nabonyeza, na mhusika anatembea baada ya pumzi mbili. Kupunguza picha hakukusaidia chochote. Hiyo ndiyo dalili ya kujua kwamba shida ni prosesa na si kadi. Ilibidi niuache mji niliokuwa nimetembea miezi mitatu kuufikia.

Niliweka akiba kuanzia Novemba hadi Machi. Ryzen 5 5600, viini sita. Mazabodi ya B450 iliyotumika. RAM ya DDR4 GB 16. Kadi ya RX 6600 yenye GB 8, inayokula wati 132 na kuhitaji waya wake, kwa hiyo pawa saplai mpya ya wati 550. SSD ya TB 1. Vyote kwa mara moja, ila UPS. Nilivinunua kwa watu tofauti, nikavipeleka kwa fundi wangu, Mkongo wa Bukavu mwenye chumba kidogo juu ya ghorofa ya tatu mjini. Akaunganisha, akawasha. Feni zikazunguka. Skrini nyeusi.

Sitaki kuukumbuka mwendo wa moyo wangu. Muuzaji wa kadi nilimpigia, akasema kadi ilikuwa nzima ilipotoka kwake. Muuzaji wa mazabodi akasema vilevile. Nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu ni kiasi gani ningeweza kuokoa.

"Dada, kaa kwanza," fundi akasema. "Mbao hii ni nzima. Haimjui tu huyu mgeni."

Akaeleza. B450 zilitoka mwaka 2018. Ryzen 5 5600 imetoka Aprili 2022. Ubao uliotengenezwa kabla ya prosesa hauitambui mpaka BIOS yake, programu ya msingi ya kuuwasha, isasishwe, na kwa mbao nyingi huwezi kuisasisha kama mashine haiwaki. Akafungua droo, akatoa Ryzen ya zamani anayoitunza kwa kazi hiyo hasa, akaichomeka, akaingiza flashi yenye BIOS mpya, tukasubiri kama dakika tano bila kuongea. UPS yake ilikuwa imewashwa, nikaiona. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao unaweza kufa moja kwa moja. Kisha akarudisha prosesa yangu. Nembo ikatokea kwenye skrini. Nililia kidogo, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Siku hiyo nililala saa tisa usiku. Niliingia Baldur's Gate, nikapita sokoni, na nilichofanya muda mrefu kilikuwa kusimama na kusikiliza watu wanaopita.

OptiPlex sikuiuza. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya umri ule haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, kwa hiyo niliiwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Kwa kutumia Proton, programu ambayo Valve, wenye Steam, waliitoa mwaka 2018 ili gemu za Windows ziende kwenye Linux, Skyrim inakwenda vizuri, na 1050 Ti yangu bado imo ndani. Nilikusudia kuiongezea RAM, lakini mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza mashine za akili unde, nikaahirisha. Nikabadilisha betri ya ile UPS ya kwanza, nikavifuta vumbi jekundu la moramu kwa blowa, nikaweka pasta mpya kwenye prosesa, nikampelekea mtoto wa kaka yangu. Ana miaka 13. Wanakaa Tororo sasa, pamoja na baba, aliyestaafu.

Niliwaunganishia sebuleni Jumamosi jioni. Mtoto akaketi mbele, baba kwenye kiti chake nyuma, miwani puani. Mkokoteni ukaanza kutembea msituni, wafungwa wanne, farasi, theluji. Mimi nilikuwa nawatafsiria.

"Shangazi, huyu mwenye mikono imefungwa ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kosa langu nini?"

"Wanasema ulikuwa unavuka mpaka."

Baba akakohoa. Tororo ni mji wa mpakani. Kila mtu huko amevuka mpaka. Mkokoteni ukafika Helgen. Askari mwenye kitabu akaanza kuita majina, mmoja mmoja wakashuka. Ikafika zamu ya mtoto, akachagua sura na jina kwa muda wa nusu saa nzima, na baba hakuondoka. Kisha askari akapekua kitabu chake, akamgeukia kapteni na kumwambia kwamba huyu hayumo kwenye orodha.

Nikatafsiri. Kapteni akajibu kwamba waachane na orodha, apelekwe kukatwa. Nikatafsiri hilo pia.

"Haiwezekani!" Baba alisimama. "Hayumo kwenye orodha, hana hati, unampeleka wapi? Hapo kapteni ndiye wa kukamatwa. Miaka 31 sijapokea mtu bila hati. Mwandikie!"

"Babu, huwezi kumwandikia."

Umeme ukakatika. Nyumba nzima ikawa giza isipokuwa skrini, na UPS ikaanza kulia pip, pip chini ya meza. Mtoto akanigeukia, mkono tayari kwenye kitufe cha kuzima.

"Acha," baba akasema, akiketi tena, mbele zaidi, karibu na bega la mjukuu wake. "Acha tuone kama watathubutu."